Pombe Iliyonywewa na Magurudumu

Kama ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, usijali, nitakuweka sawa kwa maneno machache. Hata mimi nikikumbuka mwanzo wa haya nachoka.

Mimi ni Nicolasa Colque, muuza uji wa mahindi ya zambarau sokoni Oruro, mji wa nyanda za juu. Mume wangu ni Fermín Huarachi, dereva wa lori. Lori ni letu wenyewe, tunaliita Kipusa, na tulijinyima miaka kumi na mmoja kulipata. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, Kipusa alipinduka njia ya Challapata akamlalia Fermín mguu wa kushoto.

Daktari wa mifupa hakunizungusha. Mguu ukifungwa vyuma kabla ya Ijumaa inayofuata, Fermín atatembea na ataendesha. Ijumaa ikipita, unakatwa.

Mimi wala sikulia. Lori lilikuwa na bima, na bima ile inamtibu dereva. Tena wakala aliyetukatia ni Rómulo Antezana, kompadre wangu. Alimbeba binti yetu siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo sisi na yeye ni ndugu kuliko ndugu, yeye kompadre, mimi komadre. Hata Kipusa tulipomnunua, baba yake wa ubatizo alikuwa Rómulo.

Basi Jumanne nikaenda ofisi ya bima, nimesuka vizuri, nimevaa kofia yangu ya sikukuu, kuchukua barua ya vyuma. Nilipewa barua kweli.

"Mama, madai yako yamekataliwa," akasema binti wa dirishani bila kuinua macho.

"Yamekataliwa na nani?"

"Na kampuni."

"Kampuni ina mdomo? Nani kakataa?"

Akanigeuzia karatasi. Mimi shule nilikaa miaka miwili tu. Herufi nazijua, ila huja moja moja, kama vikongwe wanaoshuka kwenye basi.

"Nisomee, mwanangu."

"'Dereva alikuwa ametumia kileo.' Yaani alikuwa amelewa."

Nikacheka. "Fermín? Alikuwa na jipu la jino, anameza vidonge wiki nzima! Hata kwenye harusi ya mdogo wake aliipita bia kama haijui."

"Mkaguzi alinusa pombe kwenye viti, mama. Kwenye magurudumu. Hadi kwenye injini."

"Injini nayo inalewa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nikaona nimeshinda, nikazidi kupandisha sauti. "Lilikuwa limefanyiwa challa! Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi! Kuna lori gani Oruro linalotoka kavu siku hiyo?"

Binti akaniinamia, akanong'ona. "Najua, mama. Hata la baba yangu tunalifanyia. Lakini mkaguzi katoka Santa Cruz. Na mimi siandiki barua, nazigawa tu."

Santa Cruz ni bondeni, kwa watu wa joto, na huyo mkaguzi hakuwa amewahi kuona challa maishani mwake. Sisi wa huku juu tunamwagia lori bia kwenye magurudumu na pombe kali kwenye injini, tunamwagia Mama Ardhi ya kwake chini, kisha na sisi tunaonja. Lori likishalowa, safari inakuwa na heri.

Na siku ile mmwagaji alikuwa nani? Rómulo mwenyewe! Baba wa ubatizo, chupa mbili mikononi, akimwaga hadi viti vikalowa. Fermín alipopewa glasi yake, kwa sababu ya vile vidonge, aliimwaga yote chini. Rómulo akamtania mbele ya watu wote: "We Fermín! Unataka Mama Ardhi alewe peke yake, wewe ubaki mkavu?"

Kwa hiyo sikuogopa. Shahidi wangu alikuwa kompadre. Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwake.

Nilimkuta mezani na mkewe Teodosia. Nikawekewa supu ya viazi vikavu kabla sijasema neno. Rómulo akaisoma barua, akagonga meza.

"Wajinga hawa wa bondeni! Challa hawaijui hata wamwagiwe kichwani!"

"Kompadre, wewe ulikuwepo. Waambie."

"Niwaambie? Nitawaandikia, komadre! Tena leo hii."

Akaingia ndani. Alikaa kidogo, akarudi na karatasi mbili zimeshaandikwa tayari. Nilishangaa imekuwa upesi hivyo, nikaona ndiyo raha ya kuwa na mtu msomi nyumbani.

"Hii ni rufaa. Unasaini hapa, na hapa. Fermín nitampelekea mwenyewe Alhamisi asubuhi, usijisumbue."

"Inasemaje?"

"Nikusomee?"

Akasoma. Rómulo ana sauti nzuri, kanisani ndiye msomaji wa masomo. "'Mimi, Nicolasa Colque, mke wa Fermín Huarachi, mtu safi asiye na doa, naiomba kampuni itazame upya machozi yangu...'" Machozi yakanitoka kweli. Yakadondokea kwenye supu.

Sasa hapa ndipo pa kukiri, na sitajitetea. Wakati anasoma nilimtazama usoni. Midomo ilikuwa inakwenda, macho hayakuwa yanakwenda. Ukurasa mzima aliusoma akiwa ameganda sehemu moja, pale juu kwenye nembo ya kampuni. Nililiona hilo. Nikajiambia, ah, ameshaikariri.

Utasema, Nicolasa, si ungeichukua uisome mwenyewe, hata kwa kuvuta vuta? Wewe huwajui watu wa Oruro. Karatasi ya kompadre, kwenye meza ya kompadre, uanze kuipitishia kidole mstari kwa mstari huku supu yake inatoa moshi? Ni sawa na kuinusa nyama uliyokaribishwa. Ukifanya hivyo undugu umekwisha.

Nikasaini hapa, na hapa.

Teodosia muda wote hakuniangalia. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanipa mfuko wa machungwa ya mgonjwa, kisha akanishika mkono akaubana hadi ukauma.

"Nicolasa, kuna ofisi ya serikali inayosimamia watu wa bima. Ghorofa ya tatu, juu ya duka la sufu. Nenda."

"Kwa nini? Si Rómulo kashaandika rufaa?"

"Nenda tu. Na usimwambie mimi nimekutuma."

Akafunga mlango.

Jumatano nilipanga foleni juu ya duka la sufu hadi wakafunga. Jioni, saa ya kuona wagonjwa, nikampelekea Fermín machungwa. Akaniuliza habari za vyuma. Nikamwambia kompadre anashughulikia. Sikumtajia barua, sikumtajia kileo, nilitaka alale vizuri. Hilo nalo ni kosa langu, liongezeni kwenye hesabu.

"Rómulo ni mtu," Fermín akasema. "Bila yeye tungekuwa wapi?"

Alhamisi nikawa wa kwanza mlangoni. Aliyenipokea aliitwa Ninfa Arce, mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, mkavu wa maneno.

"Mkataba wako wa bima uko wapi?"

Nikautoa. Nilikuwa nimeukunja vizuri ndani ya mtandio. Bi Ninfa akaukunjua mezani, akautazama, akanitazama.

"Mama, hii ni kalenda."

"Ndiyo hiyo aliyotupa kompadre. Ina jina la kampuni, na Bikira Maria, na simu."

"Ni kalenda. Ya mwaka juzi."

Miaka miwili ilikuwa ukutani kwangu, nimeiwekea na maua! Aibu ilinipanda hadi masikioni. Bi Ninfa hakunicheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alipiga simu, akabishana na mtu, akapiga tena, na baada ya muda mashine yake ikaanza kutema jalada langu karatasi moja moja. Akasoma kimya. Kisha akasema:

"Siku ya ajali, pale hospitali, ulihojiwa?"

"Alikuja mkaguzi na kompadre. Mkaguzi akauliza kama lori lilinyweshwa kitu, sikumwelewa. Kompadre ndiye akanielewesha. Akaniuliza, 'Komadre, Fermín kafanya challa leo?' Nikasema ndiyo, tena sana, nikatia saini pale aliponionyesha."

"Sikiliza kilichoandikwa. 'Mke anathibitisha kwamba mumewe alikuwa ametumia pombe siku hiyo, tena sana.' Chini kuna saini yako."

"Sikusema hivyo!"

"Na chini ya saini yako kuna shahidi, kwamba umesema hivyo. R. Antezana."

Nikamwambia arudie jina. Akarudia. Nikamwomba anionyeshe, akaniwekea kidole, nikaisoma mwenyewe herufi kwa herufi. Ilikuwa ile saini yake yenye mkia, ile ile iliyo kwenye cheti cha ubatizo cha mwanangu.

Jamani, mimi nimezika baba, nimezika mama, nimezika na kichanga. Sijawahi kuhisi baridi kama ile. Mtu aliyemmwagia Kipusa bia kwa mikono yake miwili ndiye aliyemweleza mgeni kwamba mume wangu kalewa. Alijua. Wa bondeni hakujua, lakini Rómulo alijua!

"Jikaze, mama, bado hatujamaliza," Bi Ninfa akasema. "Harufu si kipimo. Wakitaka kukunyima kwa sababu ya kileo, walete kipimo cha damu, na humu ndani hakipo. Mumeo alipofika hospitali alitolewa damu?"

"Walimtoa chupa nzima."

"Basi majibu yako maabara. Niletee. Yakiwa safi, nawaandikia leo hii hii waifute hii barua na wamtibu."

Nilikuwa nimeshasimama. Akanizuia.

"Umesaini kitu kingine tangu siku hiyo?"

"Rufaa tu. Juzi, kwa kompadre."

"Uliisoma?"

"Alinisomea."

Bi Ninfa akavua miwani. Akasema polepole, "Mama Nicolasa, niahidi. Kuanzia leo, karatasi hata akikupa padri, usitie saini kabla hujaisoma mwenyewe. Mwenyewe. Hata ikichukua siku nzima."

Nikaahidi, nikapishanisha vidole viwili msalaba, nikavibusu kuwa kiapo.

Kutoka pale hadi hospitali nilikimbia na sketi zangu zote. Maabara kulikuwa na mzee mmoja mwenye koti lililochanika kwapa. Akachambua rundo, akachambua jingine, mimi roho mkononi.

"Huarachi, Fermín. Huyu hapa. Unataka nini?"

"Pombe. Imeandikwa nini kwenye pombe?"

"Soma mwenyewe," akasema, wala hakujua amesema nini.

Nikaisoma. H-a, ha. K-u-n-a, kuna. Hakuna!

Niliibusu ile karatasi. Nikambusu na mzee shavuni, akanifukuza huku anacheka. Nikapanda ngazi mbili mbili kumpelekea Fermín. Nilitaka aione kwanza yeye, kabla hata ya Bi Ninfa, ajue jina lake ni safi na mguu wake ni wake.

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa. Viatu vyake vyote viwili vilikuwa chini, vile nilivyovipiga rangi mwenyewe siku ya Jumapili.

Kitanda cha jirani alilala mchimba madini mmoja wa zamani, mapafu yamekwisha. "Wamempeleka kupasuliwa, sasa hivi tu," akasema. "Kaenda anacheka. Kompadre wake kamletea idhini ya kampuni, kasaini hapo hapo."

"Aliisoma?"

"Asome nini? Si kompadre wake?"

Nikapata tumaini la kijinga, la muda wa kupumua mara moja. "Basi vyuma vimefika!"

Mzee akatazama vile viatu, kisha akatazama dirishani. "Mimi neno vyuma sikulisikia, mwanangu."

Mlango wa chumba cha upasuaji uko mwisho wa ujia. Nje yake kuna benchi, na kwenye benchi alikaa Rómulo Antezana, kofia magotini, karatasi kwenye kofia.

"Umenisainisha nini?"

"Komadre, kaa kwanza."

"Nimekaa siku ngapi? Umenisainisha nini?"

"Kampuni ilikuwa haitoi kitu! Niliwapigia magoti, Nicolasa. Wamekubali kwa hisani yao walipie upasuaji, na nyinyi mnaachana na madai. Basi. Bila hivyo angeozea humu."

"Upasuaji gani?"

Akaikunja ile karatasi ya kwenye kofia.

"Sema, Rómulo. Upasuaji gani?"

"Ule... rahisi."

"Una jina."

"Wa kukata," akasema, na akaanza kulia. Mtu mzima, mbele ya watu, analia kwa sauti ile nzuri ya kanisani.

Nikamwekea karatasi ya damu chini ya pua. "Ona! Soma, wewe si msomi? Hakuna! Ulijua hakunywa."

"Nilijua."

"Ulimtania mwenyewe kwamba kabaki mkavu."

"Nilimtania. Mkaguzi aliniuliza nani alililowesha lori. Ningesema mimi, wakala wa kampuni, baba wa ubatizo, na chupa mkononi... Nina watoto, komadre. Kazi ingekwenda."

"Na yule uliyembeba kwenye maji ya ubatizo, yeye mtoto wa nani?"

Sikusubiri jibu. Nikaupiga mlango kwa ngumi hadi akatoka muuguzi, barakoa shingoni, hasira machoni.

"Msimamisheni! Msikate! Mimi ni mkewe, nimedanganywa!"

"Mama, ninazo saini mbili, yako na ya mgonjwa. Keshalala usingizi wa dawa. Daktari ananawa mikono."

"Naifuta yangu!"

Akaniangalia vizuri, akaona sichezi. Akaingia, akatoka na fomu na kalamu. "Aliyesaini ndiye anayeweza kufuta, na bila saini zote mbili hatukati. Tia saini hapa chini. Nakwenda kumwambia asubiri, lakini hatasubiri sana, kuna wengine watatu nyuma yake."

Mlango ukajifunga. Nikaiweka fomu ukutani, nikashika kalamu, mkono ukaenda wenyewe hadi kwenye mstari wa chini. Ukasimama.

Fomu ilikuwa imejaa maandishi madogo kutoka juu hadi chini. Nilikuwa nimeapa kwa Bi Ninfa, asubuhi ile ile, na midomo yangu ilikuwa bado na chumvi ya kidole. Saini yangu ya kwanza ilimfanya Fermín mlevi. Ya pili ilimlaza mezani. Ya tatu je?

Nikarudisha kidole juu, nikaanza. Mi-mi ni-li-ye... ni-li-ye-ti-a... Herufi zilikuwa zinakuja moja moja, kwa taratibu yao ile ile. Kuna mahali paliandikwa "nakubali", na baada yake kulikuwa na neno refu ambalo sijawahi kuliona maishani. Nakubali nini? Nikalirudia. Jasho likaniingia machoni. Nyuma ya mlango nikasikia chuma kinagusa sinia.

Ujia ulikuwa hauna mtu mwingine. Nikasikia benchi linalia, mtu anainuka. Hatua mbili, tatu. Akasimama begani kwangu, karibu kabisa, bado anavuta kamasi.

"Komadre," akasema Rómulo, kwa upole ule ule wa mezani. "Lete nikusomee."